Shemeji, usije Saba Saba

Upanga, Dar es Salaam
Mwishoni mwa Novemba

Shemeji yangu,

Salamu zako dada yako amezipokea, na gunia la dagaa limefika salama, ingawa konda alilalamikia harufu tangu Singida. Sasa tuingie kwenye jambo. Umeandika kwamba Saba Saba utashuka Dar na fimbo yako ya kuvulia, twende baharini. Kuja njoo, maonyesho yapo na kitanda kipo. Fimbo ndiyo uiache Mwanza. Julai si mwezi wa kuvua huku, na hapa chini nakueleza kwa nini, pamoja na habari za safari tuliyoifanya Jumamosi.

Kwanza zile video unazonitumia. Nimezitazama, hata ile ya yule Mmarekani mwenye boti inayometameta kama gari la bi harusi, anayemvua besi, anambusu, halafu anamrudisha majini. Dada yako aliuliza kama yule mtu ana akili timamu. Mimi kilichonishangaza ni uzito. Rekodi ya dunia ya samaki huyo ni kilo 10 na kidogo, iliwekwa kule Georgia mwaka 1932, ikakaa mpaka 2009 Mjapani mmoja alipoifikia katika Ziwa Biwa. Kilo kumi! Kwenu pale Kirumba Mwaloni sangara wa kilo kumi hamgeuzi mtu shingo. Ukimtaka besi mwenyewe, majirani zetu wa Kenya wanaye Naivasha. Alipandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1920. Sisi Dar hatuna. Anayemkaribia kwa tabia ni chewa, maana naye hujibanza mafichoni akingoja chakula kimpitie mdomoni. Huyo nitamrudia.

Shida yako, shemeji, na usinikasirikie, ni kwamba umekulia kwenye maji yasiyopwa wala kujaa. Ukiuacha mtumbwi wako ufukweni alfajiri, saa sita unaukuta pale pale. Huku siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Pale Msasani kuna bwana mmoja aliiacha boti yake asubuhi maji yakiwa kiunoni, akaenda kunywa chai. Saa nne aliikuta imelala ubavu kwenye matope, propela juu, na watoto wameikalia wanapiga soga. Hakutoka siku ile.

Hesabu yake si ngumu, na ukiijua utawashinda watu wengi waliozaliwa mjini hapa. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo maji ya Dar hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata unaongeza dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa nusu ndiyo maji mafu: tofauti ya kupwa na kujaa inakuwa kama mita moja tu, na mkondo unalegea. Kwa hiyo tazama kalenda ya Kiislamu. Tarehe mosi na kumi na tano, bamvua. Kwenye nane na ishirini na mbili, maji mafu. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Upanga na kuzeekea hapa, anaijua tarehe ya mwezi kuliko anavyoijua siku ya kodi.

Anayevua kwa mshipi wa chini hutafuta maji mafu, kwa sababu mkondo ukiwa mkali risasi haigusi mwamba. Mshipi unakwenda upande, na wewe unadhani umefika chini kumbe chambo kinaelea. Anayerambaza, yaani anayeburuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, huyo anapenda maji yaliyo mwendoni, hasa saa ile yanapogeuka. Ukitaka vyote viwili kwa siku moja unatafuta siku ya katikati, na ndivyo tulivyofanya.

Lakini mwezi unaweza kuupangia. Upepo ndio wenye kesi. Kusi hujitokeza mvua za masika zikiwa zimeshika, ukakaza Juni, Julai na Agosti. Ukitoka tu nje ya Bongoyo unakutana nao, na mawimbi ya huko kwenye mkondo wa Unguja ni mafupi, yamebanana, linakupiga la pili kabla hujamalizana na la kwanza. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka hapa kwenda Unguja, karibu na Chumbe, siku ya upepo mkali. Ile ilikuwa meli iliyobeba mamia ya watu. Mimi na wewe tunaongelea boti ya fiberi ya mita saba. Saba Saba na ajali ile zimepishana siku kumi na moja tu kwenye kalenda, na nadhani hapo umenielewa.

Kaskazi huja Desemba, hukaza Januari, hulegea kuelekea Machi. Ni upepo wenye jua la kubabua, ila asubuhi mara nyingi huwa na utulivu hadi saa nne au tano, kwa hiyo mtu anayeamka mapema anaweza kuutumia. Katikati ya pepo hizo mbili ndiyo maleleji: Oktoba na Novemba, halafu tena kidogo mwezi wa tatu kabla mvua hazijaanza. Hapo bahari inalala. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari, upepo na kimo cha mawimbi, na siku hizi unaupata kwenye simu. Mimi nikiona wameandika mita mbili, naenda Kariakoo kununua ndoana badala ya kwenda kuvua.

Na Kariakoo ndiko safari yetu ilikoanzia. Ijumaa niliteremka kwa miguu kutoka nyumbani, nikapita Faya, nikavuka Barabara ya Morogoro, nikaingia. Gari usilete kule. Utashinda unalilinda lenyewe. Maduka ya zana za uvuvi yapo kwenye mitaa ya jirani na soko kuu, lile jengo alilolisanifu Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na likaungua Julai 2021. Utayajua kwa nyavu zinazoning'inia mpaka mlangoni. Muuzaji wa humo hana habari na wale samaki wa bandia wa video zako, lakini kwenye nailoni hadanganyiki, na akiona wewe nawe hudanganyiki anakupa ya ndani.

Ya ndani namaanisha iliyoko kwenye boksi. Ile ya dirishani imepigwa jua miezi, imekauka. Ukiivuta inakatika hata kabla ya samaki. Vuta kama mita mbili, ipitishe katikati ya vidole, uisikilize kama ina mikwaruzo. Ndoana ijaribu pale pale: ishike kwa koleo, ivute. Za bei rahisi hunyooka, na ni afadhali inyooke mbele ya muuzaji kuliko mbele ya jodari. Nunua na vile vipete vinavyozunguka, kwa sababu ukirambaza bila kipete nailoni inajisokota mpaka unapata kazi ya kufumua siku nzima. Waya mwembamba kwa ajili ya samaki wenye meno. Risasi nunua maradufu ya unavyodhani, maana mwamba unazila. Glovu za pamba za mafundi ujenzi zinatosha kabisa. Mshipi wa mkono ukikimbia bila glovu unakuachia alama ya kuonyesha wajukuu.

Fimbo yako ya Mwanza siidharau. Ila rili yake imezoea maji baridi, na chumvi haina huruma. Ikilala usiku mmoja bila kuoshwa, asubuhi haizunguki. Mimi yangu naingia nayo bafuni kabla sijaoga mwenyewe, na dada yako ameshaacha kusema.

Kutoka pale nikarudi Faya, nikapanda mwendokasi hadi Kivukoni, nikaingia Feri kutafuta chambo. Soko lile la samaki lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na kelele zake utazijua kutoka Mwaloni: mnada ni ule ule, mapanga ni yale yale, na kinamama wanaokaanga ni wale wale. Ngisi wadogo na vibua ndivyo vyambo vyangu. Kibua mtazame jicho, liwe angavu. Mbonyeze tumbo, lisibonyee. Barafu chukua hapo hapo. Halafu usiondoke haraka. Zunguka mezani uone kilichoingia siku ile. Ukikuta jodari na nguru wengi, ujue samaki wa kupita wapo nje, kesho andaa vya kurambaza. Ukikuta changu na tasi watupu, kesho ni siku ya risasi. Sijapata mtaalamu wa video anayeweza kuniambia hilo, na pale Feri unaambiwa bure, hata bila kuuliza.

Jumamosi tuliondoka Msasani kabla jua halijachomoza: nahodha, kijana wake, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, na mimi. Nahodha ni mzee wa Kimsasani hasa, mtu wa maneno machache, anayekuita "mwanangu" hata kama una mvi. Mazungumzo ya fedha tulikuwa tumeyamaliza siku mbili kabla, na hapo nakupa ushauri ambao hutaukuta kwenye video yoyote: kabla hamjaondoka, kubalianeni samaki ni wa nani. Petroli ni yetu, boti ni yake. Lakini samaki? Kuna nahodha anayehesabu kwamba wote ni wa aliyekodi, kuna anayehesabu nusu kwa nusu, na kuna anayengoja aone mnavua nini ndipo ahesabu. Sisi tulipatana: abiria wanachagua wa kula nyumbani, waliobaki ni wa nahodha na kijana. Nimeona watu waliotoka marafiki wakarudi hawasemezani kwa ajili ya nguru mmoja.

Cha kwanza alichofanya mzee ni kuchuja petroli kwa kitambaa, polepole, huku anatazama kama kuna maji. Ukiona nahodha hachuji, shuka. Mashine nyingi zinazozimika katikati ya bahari zinazimwa na maji machafu yaliyoingia tangu kwenye dumu. Kama mashine ni ya kuchanganyiwa oili, kila aina ina kipimo chake kilichoandikwa. Usikubali mtu akadirie kwa jicho. Kisha nikatazama vitu vyangu: plagi za akiba na spana yake, mashine ndogo ya pili, nanga yenye kamba ya kutosha, kata ya kufulia maji, tochi, maji ya kunywa mengi kuliko tunavyohitaji. Chombo kiwe kimekaguliwa na TASAC, na usione haya kuuliza. Jaketi okozi livae. Watu wengi hapa wanalikalia, wanaona limewekwa ili makalio yasiumie. Na kuna mtu wa nchi kavu, kwetu ni dada yako, anayejua tumetokea wapi, tumeelekea wapi, na saa ngapi aanze kupiga simu.

Tulipita pembeni ya Bongoyo giza likianza kupauka. Mashariki ungeziona taa za meli zilizotia nanga zikingoja zamu ya bandari. Hizo usizisogelee, wala usikatize mbele ya meli inayoingia ukidhani itakupisha. Haiwezi, hata ikitaka. Na boti za Zanzibar za asubuhi zikishapita, geuza omo ulielekee wimbi lake, likukute kwa mbele. Likikupata ubavuni mtamwagikiana.

Tukaanza kurambaza. Mzee hakutazama maji hata kidogo, alitazama juu. Shakwe. Wakiruka ruka ovyo hawana habari. Wakikusanyika na kuanza kuinama mahali pamoja, chini yao vibua wanafukuzwa, na anayewafukuza ndiye tunayemtaka. Kijana akataka kukata moja kwa moja katikati, mzee akamzuia kwa kidole kimoja tu. Ukipita katikati ya kundi unalitawanya na linazama. Unazunguka pembeni, chambo ndicho kinachopita kwenye ukingo, mashine kwa mwendo wa kutembea haraka. Tulifanya hivyo, na nyuzi mbili zikaenda kwa pamoja: jodari wadogo, wenye nguvu isiyolingana na umbo lao. Ukimtoa jodari mkate koo hapo hapo damu itoke, umzike kwenye barafu. Damu ikibaki, nyama inachemka yenyewe, na nyumbani utalaumiwa kwa mapishi wakati kosa limefanyika boti.

Jirani yangu hapendi waya. Anasema samaki anauona. Nguru hakubishana naye, aliondoka na chambo, ndoana, na kipete, na nailoni ikarudi imekatwa safi. Mzee hakusema neno, akamnyooshea waya.

Kichefuchefu kilimkuta huyo huyo, pamoja na ubaharia wake wote, wakati anafunga ndoana mpya huku ameinamisha kichwa. Hapo ndipo kinapoanzia siku zote. Ndoana zifunge nyumbani, usiku uliotangulia, ukiwa umekaa kwenye kochi. Asubuhi kula mkate mkavu na chai ya tangawizi, chapati za mafuta ziache. Ukiona mate yanajaa mdomoni, inua uso, tazama mstari wa upeo wa bahari, simama kama unaweza, na usiingie kwenye kivuli cha chini ambako petroli inanuka. Ziwani mawimbi yenu ni makali, najua, lakini hili la kupanda na kushuka taratibu bila kuchoka ni lingine.

Jua lilipokuwa limepanda, tukasimama juu ya mwamba wenye kina cha kama mita thelathini, tukatupa nanga, tukaanza mshipi wa chini. Changu wakaja, mmoja mmoja, wa kikaangoni. Halafu jirani akapata kitu kilichomvuta mkono hadi majini.

Huyo ndiye chewa, shemeji, na hapa utafurahi, kwa sababu ule ujuzi wako wa sangara utakudanganya. Sangara akinasa anakimbia kwenye maji mapana. Unamwachia, unamchosha, unamrudisha. Chewa hakimbii mbali. Ana pango lake pale chini, ametoka hatua mbili kuchukua ngisi wako, na anachotaka ni kurudi. Una sekunde tatu. Breki ya rili iwe imekazwa kabla hujatupa, na akigusa unamvuta juu kwa nguvu zote mita za mwanzo, adabu baadaye. Jirani aliinuka, akasita, samaki akaingia ndani. Ukivuta hapo unakata nailoni kwenye jiwe. Mzee akamwambia legeza. Legeza kabisa, mwanangu, kama umeondoka. Tukakaa. Kijana akamenya chungwa. Baada ya muda uzi ukaanza kutembea wenyewe, polepole, chewa ametoka kuangalia kama mambo yametulia, na safari hii jirani hakusita. Wa kahawia, madoa, mdomo unaoweza kupitisha nazi. Hatukuwa na mizani, kwa hiyo usiulize. Jirani atakutajia uzito, nao unaongezeka kila wiki.

Kwa habari ya kumbusu na kumrudisha. Nimeulizia na nimejionea: samaki aliyetolewa kina kile hewa ya ndani inamfurisha, macho yanatoka, na tumbo linamsukuma mpaka mdomoni. Ukimtupa majini anaelea ubavu mpaka shakwe wamkute. Yule besi wa Marekani anavuliwa kwenye maji ya kina kifupi, ndiyo maana anaondoka akiwa mzima. Na chewa ana jambo la ziada. Aina zake nyingi huzaliwa majike, halafu mkubwa wao hugeuka kuwa dume. Ukimtoa yule mkubwa umeuacha mwamba bila baba mpaka mwingine akue na kugeuka, na chewa hakui haraka. Kwa hiyo sisi huruma yetu inakuja mapema: tukishapata chewa mmoja wa kula, nanga inapanda, tunahama. Jirani alinung'unika, maana aliamini yuko wa pili. Bila shaka alikuwepo. Ndiyo sababu tuliondoka.

Mwamba wenyewe usiutafute kando ya visiwa. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na kuvua humo ni marufuku. Unakwenda kuogelea, kula samaki wa kukaanga kivulini, na kulipa kiingilio. Visiwa vya upande wa Kigamboni kama Sinda navyo viliongezwa baadaye. Wapo watakaokunong'oneza kwamba usiku hakuna askari. Waache waende. Jirani yangu anaikumbuka miaka ya baruti, alipokuwa akipiga mbizi na kusikia mlipuko wa mbali unamgonga kifuani chini ya maji, na akifika kwenye mwamba anakuta matumbawe yamekuwa kifusi. Mwamba uliopigwa hivyo hauponi kwa maisha ya mtu mmoja. Kilichobaki pale visiwani ndicho kinachozalisha hawa tunaowavua nje, nami sioni aibu kusema naogopa kukiharibu. Leseni ya uvuvi wa burudani nayo ipo, Idara ya Uvuvi ndio wenyewe. Nahodha wetu huniuliza kuhusu leseni hiyo kila ninapoleta mgeni, nawe utakuwa mgeni.

Tuligeuza kabla ya saa sita, upepo wa mchana ukianza kuchapa chapa, na maji yakiwa bado yanaturuhusu kufika karibu na ufuko. Chewa tuligawana na jirani pale pale ngazini. Nusu yake sijui aliipikaje, ila harufu ya bizari ilipanda mpaka kwetu. Nusu yetu dada yako aliichoma kwa mkaa, akaipaka nazi, akasema angalau safari hii sikuja na hadithi tupu.

Usije ukaona watu kwenye mtandao wanavua jodari wakubwa na mbasi kule Fungu Kizimkazi, wenyewe wanakuita Latham, ukataka twende. Ni kama kilomita 70 mashariki mwa mji, bahari kuu kabisa, kisiwa chenyewe ni jiwe tambarare la ndege. Wanaokwenda wana boti kubwa, mashine mbili sawasawa, redio, na mifuko mirefu. Mimi na wewe bado.

Kama ratiba yako haigeuki na ni lazima iwe Julai, basi tutavua nchi kavu. Hapa nyumbani hadi ukuta wa Ocean Road ni matembezi ya jioni, na utawakuta watu na nailoni zao walizozungushia kwenye makopo, wengine wamesimama upande wa Aga Khan wanalitazama Daraja la Tanzanite, lile la kilomita moja juu ya bahari lililoanza kutumika 2022. Wanapata vichuchunge, mara moja moja kolekole mdogo. Pale mdomoni mwa Msimbazi vua kwa kujifurahisha tu; mto ule umepita mji mzima kabla ya kufika baharini, na samaki wake simpeleki mezani kwa dada yako.

Lakini ushauri wangu ni huu: watoto wanafunga shule mwanzoni mwa Desemba, kaskazi haijakaza, na mwezi ukifika nusu tunapata maji mafu. Panda basi. Nijibu kabla ya Jumatano, maana nahodha ana watu wengine wanaomtaka, na mzee yule akishatoa neno hageuki. Nitajie na saizi ya mguu wako. Msasani maji yakipwa tunatembea kwenye matope mpaka kwenye boti, yebo yebo zinanasa na kubaki humo, na Kariakoo nimeona viatu vya mpira vya kufunga kamba. Vya saizi kubwa vilikuwa vimebaki vichache.

Wako,
Shemeji wa Upanga